Rangi ya Mlango

"Wamelikata uso," Lhoussaine alisema, na hayo ndiyo maneno pekee ya adabu aliyotamka asubuhi ile ya Jumamosi. Yaliyofuata yote yalikuwa matusi, kwa Kiamazigh kwanza, kisha kwa Kiarabu, kana kwamba lugha moja haikumtosha.

Inspekta Rkia Oubella alimwacha mpaka akaishiwa pumzi. Alikuwa amepiga goti kwenye sakafu ya saruji, uani, mbele ya gari la kambi la Kijerumani, la kulala ndani, la mwaka sabini na tatu, lile lenye injini nyuma na paa linalonyanyuka kama kifuniko cha sanduku. Kwa miaka sita Lhoussaine, fundi umeme wa bandari aliyestaafu, alikuwa akilitengeneza hapo nyumbani kwake Sidi Ifni kwa mikono yake mwenyewe. Alishatoa sakafu iliyoliwa na kutu akachomelea mpya. Alishasuka upya nyaya zote, akafunga sinki na jiko la gesi, na mkewe Fadma akashona mapazia. Sasa chini ya kioo cha mbele, upande wa kulia, palikuwa na shimo la ukubwa wa sinia.

"Cheka basi na wewe, afande. Kamishna wako amecheka. Nimempigia simu, akaniuliza kama wezi wamechukua na masikio."

"Mimi sicheki."

Hakuwa na la kumchekesha. Nusu saa iliyopita Kamishna alikuwa amemwambia mbele ya askari wawili kwamba, kwa kuwa anapenda sana majalada yasiyo na kichwa wala miguu, basi akatafute pua ya gari. Askari walikuwa wamecheka mpaka wakashika meza.

"Hukuibiwa nini?" aliuliza.

"Nini?"

"Nataka kujua mwizi aliacha nini."

Lhoussaine akatazama huku na huku. Rimu nne zilizong'arishwa zilikuwa palepale ukutani. Kabureta mbili mpya zilikuwa bado ndani ya boksi. Betri, taa za mbele, jiko: vyote vilikuwepo.

Rkia alipitisha kidole chenye glavu kwenye ukingo wa shimo. Rangi ilikuwa imeungua. Bati lilikatwa kwa grenda, na kwenye kila pembe diski ilikuwa imepitiliza kwa urefu wa kidole. Fundi asingekata hivyo. Cheche zilikuwa zimetoboatoboa kioo cha mbele, na hakuna aliyejisumbua kukifunika.

"Grenda hiyo ni ya nani?"

"Yangu! Wamelikata kwa grenda yangu mwenyewe, wana wa..."

"Ilikuwa lini?"

"Jana. Nilitoka saa sita kwenda kuswali Ijumaa, nikapitia kwa rafiki yangu kula. Fadma alimpelekea dada yake sahani ya kuskusi. Nimerudi saa tisa, nikakuta hivi."

"Na hapa palipokatwa, ulikuwa unapafanyia nini?"

Lhoussaine akajipiga paja. "Hapo ndipo damu inanichemka. Jumatano nimeanza kupakwangua, nikidhani ni kutu kidogo. Nikakuta puti, afande, ile ya kuziba mabonyeo. Puti nene kama vidole viwili! Chini yake bati limebonyea ndani. Mtu kagonga kitu, kabandika puti kama anayepiga ukuta plasta, kapaka rangi juu. Na mimi miaka sita naamini gari hili halijawahi kugonga hata kuku."

"Nani alikwambia halijagonga?"

"Driss. Shemeji yangu, kaka yake Fadma, yule mwenye kambi ya watalii kule pwani. Gari lilikuwa lake. Alhamisi alikuja kula hapa, nikamwonyesha. Akasema labda ni kazi ya Mjerumani aliyemuuzia."

"Mwingine aliyeliona?"

"Bouchta wa vyuma chakavu. Nilimwita anipimie bati la kuziba. Na huyo ndiye mwizi wako! Miaka mitatu ananing'ang'ania nimuuzie gari hili. Nenda kamshike, unasubiri nini?"

Rkia alikuwa ameshainama chini ya bampa. Lhoussaine alikuwa ametandika gunia hapo ili lipokee takataka, na mapande ya puti aliyoyabandua yalikuwa bado juu yake. Aliyageuza moja moja kwa ncha ya kalamu. Pande moja, dogo kama ukucha wa kidole gumba, lilikuwa na rangi ya bluu upande wa chini.

"Gari hili limewahi kuwa la bluu?"

"Jeupe juu, jekundu chini. Tangu kiwandani."

Akalitia pande lile kwenye bahasha.

*

Bouchta alimpokea katikati ya milima yake ya vyuma akiwa ameshakasirika, maana maneno ya Lhoussaine yalikuwa yamemtangulia.

"Mimi niibe bati la puti? Afande, nitukane kwa kitu kingine. Njoo huku." Akamvuta hadi nyuma ya kibanda na kupiga teke kitu kilichofunikwa turubai. "Hesabu. Pua tatu za magari ya namna ileile, nzima, hazina hata mkwaruzo. Nikaparamie ukuta wa mzee kukata bovu la nini?"

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Mnadani Tiznit, na wanangu wawili na lori. Uliza soko zima. Na mwambie yule mzee kwamba lile bati nilitaka kumpa bure. Bure! Sasa akafie mbali nalo."

Rkia alimwonyesha pande la puti. Bouchta akalipeleka juani, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa. Hasira zilimpungua, kazi ikamshika.

"Puti ni ya zamani. Imepakwa juu ya bati ambalo halikusuguliwa. Huyu alikuwa na haraka." Akaligeuza. "Na hii bluu si rangi ya gari. Imepakwa kwa brashi, ona mistari. Hii ni rangi ya mlango."

"Mlango upi?"

"Mlango wowote. Mji mzima huu milango ni ya bluu."

Kwa hiyo aliyekuwa akiendesha aligonga geti la mtu. Rkia aliliandika hilo kwenye daftari, na mkono ukasimama kabla hajaweka nukta. Mtu hafichi miaka yote kosa la kugonga geti. Akalichukua pande lile na kulitazama kwa ubavu. Chini ya bluu palikuwa na rangi nyingine, nyembamba, laini, inayong'aa kama ganda la yai: njano.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya kiwandani," Bouchta alisema. "Rangi hiyo hupakwa chuma tu. Kitu cha chuma, cha njano, mtu akakipaka rangi ya mlango juu yake."

Rkia alirudi kituoni akiendesha kwa kasi ambayo angemtoza mtu mwingine faini.

Kwenye stoo ya vielelezo, nyuma ya marobota ya nyavu zilizokamatwa, palikuwa na pikipiki ndogo iliyopinda gurudumu la nyuma. Ilikuwa humo miaka kumi na tisa. Baba wa msichana aliyegongwa akiwa juu yake alikuwa amekataa kuichukua. Alisema ikae pale, iwaudhi, mpaka wampate aliyemuua binti yake. Rkia alichutama akamulika tochi. Tangi lilikuwa limepakwa bluu kwa brashi. Pale ilipobanduka, njano ilichungulia. Aliweka pande la puti kando yake, na hakuhitaji kulitazama mara mbili. Alilitazama hata hivyo, akalipiga picha pamoja na rula, akaandika saa.

Kisha alifungua jalada. Ijja Amzil, muuguzi, miaka ishirini na minne. Aligongwa alfajiri ya Novemba, kwenye mteremko wa kwenda bandarini, akielekea kuchanja watoto. Ukungu ulikuwa mzito. Hakuna aliyeona. Shahidi mmoja tu, mwoka mikate, alisikia gari likiondoka, na maelezo yake yaliandikwa kwa mwandiko wa askari kijana aliyeitwa Rkia Oubella: *injini ililia kama cherehani.* Wakubwa wa wakati ule walilicheka neno hilo. Wakaenda kupekua malori ya bandari.

Kamishna alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Vipi, umeipata pua?"

"Nitakuletea," Rkia alisema, akapita ubavuni mwake bila kumpigia saluti.

*

"Washa injini," alimwambia Lhoussaine.

"Injini imekukosea nini?"

"Mzee, washa."

Lhoussaine akapanda akinung'unika na kuzungusha ufunguo. Nyuma ya gari injini ilikohoa, ikashika, ikatulia. Tik-tik-tik-tik, kavu, nyepesi, ya haraka. Haikuwa na maji ya kuipoza, feni tu na hewa, na sauti yake ilikuwa ya sindano ya cherehani inayokimbia kwenye kitambaa kigumu. Rkia aliisikiliza dakika nzima. Alipoinua mkono izimwe, mkono ule ulikuwa umekunjwa ngumi.

"Soketi za huku uani zinapata wapi umeme?"

"Jikoni. Kuna swichi nyuma ya pipa la unga. Niliificha huko tangu mjukuu wangu alipoingiza msumari kwenye soketi. Bila swichi hiyo, huku hakuna kinachowaka."

"Nani anajua ilipo?"

"Mimi. Na Fadma."

"Na jana mchana jiko lilikuwa wazi?"

"Hapana, Fadma hulifunga, ufunguo anatembea nao..." Taratibu aligeuza kichwa kumtazama mkewe, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono imeloa maji, ufunguo ukining'inia shingoni.

"Unanitazama nini?" Fadma alifoka. "Na wewe, Inspekta, unaingia nyumbani kwangu, unakunywa chai yangu, halafu unaniita mwizi?"

"Sijakuita mwizi, mama. Nakuuliza nani aliiwasha swichi."

"Umeme ni wangu, naulipia!"

"Fadma," Lhoussaine alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Gari langu?"

Hapo Fadma alilipuka, na hasira zake zote zikamwendea mumewe. "Ndiyo, gari lako! Miaka sita ni gari, gari, gari! Driss alikuja jana, hata kuketi hakuketi. Akaniambia alikudanganya, kwamba aligonga ukuta siku za nyuma akaona haya kukwambia, na kwamba ukiendelea kukwangua utamwaibisha mbele ya mji mzima. Ni kaka yangu! Akasema akate hicho kipande tu, utadhani ni wezi, utaweka bati jipya, yaishe. Nikawasha swichi. Nikakaa ndani nimeziba masikio, nasikia anavyolikata, na nilikuwa nalia, kama unataka kujua!"

"Kipande kiko wapi?" Rkia aliuliza.

"Watu walikuwa wanatoka msikitini. Aliogopa kutoka nacho. Kiko ndani ya tanuri la mkate. Alisema leo atakuja kukichukua."

Lhoussaine alienda mwenyewe. Alirudi amekibeba kwenye gunia kama mtu aliyebeba kitoto, akakilaza juu ya benchi ya kazi. Rkia alimulika. Ndani kabisa ya mkunjo wa bati, mahali ambapo msasa haukuwa umefika, palikuwa na mstari wa bluu wa urefu wa kiganja.

"Mama Fadma," alisema, "unamkumbuka Ijja Amzil?"

"Muuguzi? Nani asiyemkumbuka? Alimchanja binti yangu wa mwisho." Fadma alianza kujifuta mikono kwenye aproni, kisha akaacha. Akatazama bati. Akatazama bluu. Baba yake Ijja alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na pikipiki ya binti yake aliipaka kwa rangi ya milango. Mji mzima uliwahi kumtania binti yule kwa kuendesha mlango wenye magurudumu.

Fadma hakupiga ukelele. Alivuta kiti akaketi. "Nilimwomba gari hili," alisema. "Kwa ajili yako, Lhoussaine, ulipostaafu ukawa unazunguka nyumba kama kuku. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimlilia mpaka akanipa." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe simu."

"Mama, usimwambie kwamba..."

"Najua nisilotakiwa kumwambia." Sauti aliyoitumia kwenye simu ilikuwa ya kila siku kabisa. "Driss? Njoo uchukue mzigo wako. Lhoussaine ametoka. Haraka lakini, nina kazi zangu."

*

Driss aliingia dakika ishirini baadaye, skafu shingoni, sharubu zimepakwa rangi nyeusi, tabasamu tayari usoni. Lilidumu mpaka alipomwona Rkia ameketi kando ya benchi. Nyuma yake Lhoussaine alifunga geti na kulisimamia.

"Bati hili umelikata wewe?" Rkia aliuliza.

"Afande, haya ni mambo ya kifamilia. Shemeji ni mkaidi, bati lilikuwa limeoza..."

"Lilibonyezwa na nini?"

"Muulize Mjerumani."

"Kadi ya gari hii hapa. Mjerumani alikuuzia miaka ishirini na moja iliyopita. Rangi iliyo humu ina umri wa miaka kumi na tisa."

Driss alitazama bati, akatazama geti. "Basi nilisahau. Niligonga kondoo. Kwenye ukungu."

"Kondoo!" Fadma alisimama. "Kondoo wa wapi anapakwa rangi ya mlango?"

"Nyamaza, Fadma, hujui unachokisema."

"Usininyamazishe kwangu! Useme! Umenifanya niwashe umeme ufiche damu ya mtu, sasa useme!"

"Alikuwa hana taa!" Driss alifoka. "Ukungu kama ukuta, na yeye hana taa! Mlitaka nifanye nini?"

Rkia aliandika maneno yale kama yalivyotamkwa, pamoja na saa.

"Ulishuka?"

"Nilishuka."

"Alikuwa hai?"

Driss akapiga hatua kuelekea geti, ila Lhoussaine alikuwa bado amelisimamia.

"Saa ya mkononi mwake ilivunjika saa kumi na moja na nusu," Rkia alisema. "Mwoka mikate alimkuta saa kumi na mbili na robo, bado anapumua. Hospitali iko juu ya mteremko uleule, na gari lako lilikuwa na kitanda ndani. Dakika arobaini na tano, Driss."

"Nilikuwa na watoto wadogo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua kambi." Akavuta pumzi, akajirekebisha skafu, na alipoinua uso palikuwa na kitu kigumu machoni. "Na hata hivyo nimeshamuuliza wakili. Miaka kumi na tisa. Muda wa kunishtaki umekwisha. Andika unavyotaka, Inspekta."

Rkia alikuwa amelitarajia hilo tangu stoo, na bado lilimpanda kichwani kama moto. Alihesabu mpaka tano kabla ya kufungua mdomo.

"Huenda ni kweli. Ataamua mwendesha mashtaka. Lakini hili la bati ni la jana, halina hata siku mbili." Akatoa fomu, akailaza mbele ya Lhoussaine. "Kukata na kuiba mali ya mtu, na kuficha ushahidi. Kosa la mali yako linahitaji mlalamikaji, mzee."

Lhoussaine aliitazama kalamu bila kuigusa. "Ni kaka yake," alisema. "Afande, nitalala vipi na mke wangu humu ndani, nimemfunga kaka yake?"

"Weka sahihi," Fadma alisema.

"Fadma..."

"Weka sahihi, au unipe mimi hiyo kalamu. Na jina langu liandikwe pia. Mimi ndiye niliyewasha swichi."

Lhoussaine akaweka sahihi, kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akachukua nyundo kwenye benchi na kuliendea gari, na Rkia akamdaka mkono ukiwa umeshapanda juu.

"Usiliguse. Sasa ni kielelezo."

"Miaka sita, afande. Kila asubuhi nimelipangusa huo uso kwa kitambaa."

Alimwachia Rkia nyundo, akaketi kwenye ngazi ya gari, akaufunika uso wake kwa viganja. Fadma hakumsogelea. Alikuwa amemsimamia kaka yake kwa karibu sana, bila kumgusa, mpaka askari wa doria walipofika kumchukua.

*

Mzee Mbark Amzil alifungua mlango nusu. "Kama umekuja kuniambia niichukue pikipiki, nilishasema. Siichukui."

"Tumempata, baba."

Mzee hakutikisika. "Nani?"

"Driss wa kambi."

Alishika mwimo wa mlango. "Driss alibeba jeneza," alisema. "Mbele, upande wa kulia. Alilia kuliko mimi. Mimi nilimpa maji anywe." Akarudia, akitema kila neno: "Mimi. Nilimpa. Maji." Kisha: "Mmemfunga?"

"Tumemshika kwa kukata bati la gari la mtu. Hilo la Ijja, huenda mwendesha mashtaka akasema muda umepita."

"Muda umepita kwa nani?"

Mzee alisukuma mlango kidogo, mwanga ukamwangukia Rkia usoni.

"Wewe ndiye yule msichana aliyeshika utepe wa kupimia," mzee alisema akimkodolea. "Mliipima barabara, mkaandika, mkaenda zenu kula."

"Ndiyo, baba."

Alisubiri mlango ufungwe usoni mwake. Haukufungwa. Mzee aliingia ndani, na aliporudi alikuwa amevaa joho lake la sufu na viatu vya kufunga kamba, vilivyong'arishwa.

"Nipeleke nikamwone. Nataka aniambie mwenyewe, huku ananitazama, hizo dakika arobaini na tano zilipita vipi."

Kanuni ilikuwa wazi: ndugu wa marehemu haonani na mtuhumiwa kabla ya kufikishwa kwa mwendesha mashtaka. Simu ya Rkia ilikuwa ikitetemeka mfukoni, na jina la Kamishna lilikuwa kwenye kioo. Aliizima, akalizunguka gari lake, akafungua mlango wa abiria.

"Kaa mbele, baba," alisema.